Mguu Usiguse Nyasi

Wenyeji wa barabara ile ya changarawe unawajua kwa viwiko. Mgeni akiteleza na baiskeli huangukia nyasi, maana nyasi ni laini na yeye ana akili zake timamu. Mwenyeji huangukia changarawe. Hata nyasi ziwe zimejaa kama godoro pembeni yake, atajipinda angani kama paka ili atue katikati ya njia, achubuke, ainuke, ajipanguse na kumshukuru Mungu. Na katika wenyeji wote hakuna aliyekuwa na viwiko vilivyochakaa kama vya fundi baiskeli wa pale mjini. Ndiyo maana watu walimwita Kiwiko, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kichaa hicho kina asili yake. Wakati wa vita majeshi mawili yaligombea mlima ulio juu ya mji ule, leo hili linapanda, kesho lile linateremka, na kila lililorudi nyuma lilizika mabomu ardhini ili mwenzake asilifuate kwa raha. Vita vilipokwisha majeshi yalikwenda zao, mabomu yakabaki. Wategua mabomu wa kwanza walikuwa wachache, na vifaa vyao vichache vilevile, wakasafisha walichoweza: njia moja nyembamba ya changarawe kutoka mjini, kuvuka daraja, kupanda mpaka vijiji vya nyuma ya mlima. Kandokando wakapanga mawe yaliyopakwa rangi mbili, uso mweupe ukitazama njia, uso mwekundu ukitazama nyasi. Ukiona weupe, uko salama. Ukiona wekundu, basi ulishakosea zamani na hakuna haja ya kukufundisha. Watoto wa pale walijua "mguu usiguse nyasi" kabla ya kujua kuandika majina yao.

Kiwiko alijifunza somo hilo mara mbili. Mara ya kwanza alifundishwa na mama yake, kama wengine wote. Mara ya pili alikuwa kijana wa shule, anarudi na kaka yake kutoka kijijini, kila mmoja na baiskeli yake. Upepo ukampokonya kaka kofia, ikatua nyasini, karibu kabisa, karibu kiasi cha kumfanya mtu acheke. "Nishikie," kaka alisema, akampa baiskeli yake. Ilikuwa hatua moja tu. Waliofika baadaye walimkuta Kiwiko amesimama katikati ya njia, ameshikilia baiskeli zote mbili, na ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

Mwingine angezichukia baiskeli maisha yake yote. Yeye alifungua kibanda cha kuzitengeneza. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, magurudumu yamening'inia darini, beseni la maji la kutafutia pancha liko chini ya meza, na juu ya meza jiliwa zito la kubania vyuma, ambalo wezi walijaribu kuliiba mara moja wakashindwa kulibeba, wakaliacha mlangoni. Ndani mlinuka mpira na grisi. Mkewe, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mapacha, alikuwa na cherehani yake mlango wa pili, na wawili hao walizungumza kutwa nzima kupitia ukuta wa mbao bila kuonana, wakigombana, wakicheka, wakiulizana kama chai ipo. Mapacha wenyewe walishakua wakaolewa mbali, lakini jina halikuhama nao.

Kama unataka kujua mtu ni wa namna gani, usimuulize yeye, uliza waliombebesha mizigo. Miaka ile ambayo gari halikuweza kuvuka daraja, Kiwiko ndiye aliyekuwa gari. Alibeba wagonjwa kwenye keria. Alibeba dawa, mbegu, vioo vya madirisha, na mara moja alibeba kitanda cha chuma kilichofunguliwa vipande, mwenye kitanda akitembea nyuma akilia kwamba kitakwaruzwa. Alibeba mama mjamzito aliyeshindwa kusubiri, mtoto akazaliwa katikati ya daraja, na mpaka leo anaitwa Daraja, mwalimu mzima mwenye miwani. Hakuna hata mmoja aliyedondoshwa nyasini. Ikibidi kuanguka, Kiwiko aliangukia upande wake mwenyewe, chini ya mgonjwa, na changarawe ikachukua ngozi yake badala ya ya mwenzake. Mimi nimewajua waliopewa nishani kwa madogo kuliko hayo.

Kisha amani ilipozoeleka, wakaja waendesha baiskeli wa starehe. Watu hawa wana wazimu wao: barabara ya lami inawachosha, wanataka changarawe, mashamba na kimya, na kama njiani kuna handaki la zamani au kifaru kilichoungua, basi wamefika peponi. Idara ya mambo ya kale ikaweka vibao. Kiwiko akawa kiongozi wa misafara, lakini kiongozi wa ajabu, maana hakuwahi kukaa mbele. Aliwapanga wageni, akawapunguzia upepo kwenye matairi ili yasidunde juu ya mawe, akawafundisha kwamba anayeona shimo humwonyesha aliye nyuma yake kwa mkono, na huyo naye amwonyeshe wa nyuma yake, kisha akawaacha watangulie. Yeye alikuwa wa mwisho. "Aliye mbele anaangalia njia," alisema. "Wewe nani atakuangalia?"

Palikuwa na mahali pamoja, kona ya juu ya daraja, ambapo hapakuwa na kibao chochote. Kila alipopita hapo Kiwiko alipiga kengele. Wageni walidhani ni kwa ajili ya kona. Mmoja wao, mwanamke mdadisi, alisimama siku moja akatazama nyasi upande wa chini.

"Mbona unapiga kengele? Kuna mtu?"

"Yupo," Kiwiko alijibu, akapita.

Aliyekuwepo alikuwa mdogo wa mama mkwe wake. Wakati wa vita, dada hao wawili walisukuma baiskeli zilizosheheni dawa na chumvi kwenda hospitali iliyofichwa nyuma ya mlima. Mkubwa alikwenda akarudi. Mdogo, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka ishirini, alipigwa risasi kwenye ile kona. Dada yake alimvuta chini ya barabara, akamfukia kwa mawe kwa mikono yake, akaweka jiwe moja pana kichwani ili apakumbuke, akachukua mzigo wa wote wawili akaufikisha. Aliporudi ili amtafutie sanduku la kumzikia, jeshi lilikuwa limeshapanda mabomu pale. Tangu hapo lile rundo la mawe lilikuwa ng'ambo ya rangi nyekundu, umbali wa baiskeli nne au tano zikipangwa kwa urefu, na hakuna aliyewahi kulifikia.

Yule dada mkubwa, sasa bibi, alikaa kwa kina Kiwiko, chumba cha nyuma, chenye dirisha la kutazama ukuta wa jirani. Si kwamba hapakuwa na chumba kizuri zaidi, alikikataa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kila neno lilikuwa limenolewa. Kwa mkwe wake alikuwa ameomba jambo moja tu tangu ndoa ifungwe: "Ukipita pale, piga kengele. Ajue kuna watu." Na mkwe, ambaye alisahau mpaka siku za kuzaliwa za wanawe, hilo hakulisahau hata siku yenye mvua ya mawe.

Kisha mwaka mmoja mambo mawili yalitokea karibukaribu. La kwanza, wategua mabomu walirudi, safari hii wengi, wenye mashine, wakasafisha mlima wote. Walipomaliza waliwaita wananchi, wakapita kwenye nyasi bega kwa bega mbele ya macho ya kila mtu, kisha wakatoa mpira wakacheza. Wananchi walisimama barabarani wakapiga makofi, na hakuna aliyekwenda kuwachezea hata golikipa. "Wale wamezoeana na mabomu," alisema muuza mkaa. "Sisi hatujatambulishwa." Mawe ya rangi yaling'olewa, lakini watu waliendelea kupita katikati kama yapo. Mwenye ng'ombe mmoja mnyama wake aliingia kule akala akashiba, naye muda wote akakaa barabarani akimbembeleza kwa jina. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mji huo ulikuwa umeumwa kila nyumba.

La pili, macho ya bibi. Daktari aliyamulika moja baada ya jingine, akashusha pumzi, akasema presha ya jicho imeshakula sehemu kubwa, dawa itachelewesha tu, na kabla mwaka haujageuka atabaki anatofautisha mchana na giza, basi. Mama Mapacha alilia kwenye korido ya hospitali. Bibi mwenyewe alisema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," akaomba apelekwe nyumbani. Lakini jioni ile alimwita mkwe wake mlangoni pa chumba cha nyuma.

"Baba, nasikia kule wamesafisha."

"Wamesafisha, mama."

"Nataka nimwone mdogo wangu kabla taa hazijazimwa. Kumwona kwa karibu. Nimguse."

Kiwiko aliviangalia viatu vyake.

"Nitakupeleka," alisema, maana mkwe hamjibu mama mkwe vinginevyo.

Alichokuwa ameahidi alikielewa vizuri. Bibi hakuweza tena kutembea mahali asipopajua bila kuweka mkono kwenye bega la mtu. Angetangulia nani kwenye zile nyasi? Bega lilikuwa lake.

Mama Mapacha aliposikia, cherehani ilinyamaza. Alizunguka akaingia kibandani kwa mlango, jambo ambalo alilifanya mara chache, akasimama mikono kiunoni.

"Mama ninaye mmoja na mume ninaye mmoja. Siwapakii kwenye baiskeli moja."

"Kumesafishwa, Mama Mapacha."

"Wewe unaamini?"

Kiwiko alitazama beseni la pancha. "Kichwa kinaamini," alisema. "Miguu bado."

"Basi niite siku miguu ikiamini," mke akasema, akaondoka. Cherehani ilipoanza tena ilikuwa na hasira, na yule mtu aliyeleta suruali yake kupunguzwa siku ile aliipata fupi.

Lakini mama akitaka, binti atabisha mpaka wapi? Bibi hakugombana naye. Alianza tu kumwelezea mdogo wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alivyokuwa na mwanya, alivyoimba vibaya, alivyochukia kuamka mapema. Alieleza kila asubuhi wakati binti anamchana nywele. Mwisho Mama Mapacha alimwambia mumewe kupitia ukuta wa mbao, "Na mimi nakuja. Nitafutie baiskeli yenye breki."

Kazi ya kiti ilichukua siku nyingi kuliko ilivyostahili, na nadhani fundi alifurahi ichukue. Alikata kiti cha zamani cha ukumbini, akakifunga kwenye keria kwa vyuma, akakiwekea mikono, mkanda wa kiunoni na pa kuegemeza miguu ili isikaribie spoku. Nyuma ya tandiko lake aliunganisha usukani mdogo, wa kushikilia, maana hata msafara uwe mkubwa namna gani, mama mkwe hawezi kumkumbatia mkwewe kiunoni mbele za watu. Kisha akajaza mchanga kwenye gunia mpaka likafika uzito wa bibi, akalikalisha, akalifunga mkanda, akazunguka nalo mji mzima kwa adabu kubwa, akipunguza mwendo kwenye kila tuta.

"Mnamwona?" Mama Mapacha aliwaambia majirani. "Mimi alinibeba siku ya harusi kama kitanda cha chuma. Gunia analibembeleza!"

Waliondoka asubuhi yenye ukungu mwepesi, njia tupu, mashamba kimya isipokuwa ndege. Bibi alivaa koti lake la kanisani na helmeti, ambayo aliikagua kwa vidole akaiita sufuria. Kiwiko alikuwa mbele safari hii, maana hapakuwa na jinsi, na Mama Mapacha nyuma, akikanyaga pedeli na kulalamika. Kila penye shimo Kiwiko alinyoosha mkono kulionyesha, na bibi aliyekuwa nyuma yake, bila kuliona vizuri, naye alinyoosha wake kumwonyesha bintiye. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amesikia wageni wakifundishwa kibandani, akaona ni utaratibu wa watu wenye akili.

Alizitaka habari zote. Kiwiko akamtajia: hapa mahandaki, hapa kifaru. Pale kwenye mahandaki aliomba wasimame. Alitazama ile mistari ya udongo iliyoota majani, kichwa akikigeuza upande kama afanyavyo kuku, akitafuta pembe ambayo jicho bado lilifanya kazi.

"Tulichimba sisi," alisema. "Wanawake. Wanaume walikuja kukaa tu."

Kile kifaru kilichoungua, ambacho wageni hupiga nacho picha wakitabasamu, alikiona kama kitu chekundu. Akasema kiliwalaza yeye na mdogo wake mtaroni kutwa nzima, na mdogo wake alipatwa na kwikwi, na wote wawili wakawa karibu kufa kwa kujizuia kucheka. Alipolisimulia hilo alicheka sasa, kile kicheko kilichozuiwa wakati ule, mpaka kiti kikatikisika. Mama Mapacha hakuwahi kumsikia mama yake akicheka vile. Alijifanya anaangalia mnyororo wa baiskeli yake.

Darajani Kiwiko alishuka, akaisukuma baiskeli juu ya mbao, bibi amekaa juu kama malkia. Kisha ukaja mlima. Fundi alikanyaga, jasho likamtoka, hakusimama hata mara moja, na hakuzungumza tena. Mkewe alidhani ni pumzi. Haikuwa pumzi.

Kwenye kona alisimamisha baiskeli akaweka stendi. Alimfungua bibi mkanda, akamshusha, akamgeuza uso upande wa chini. Nyasi zilimfika mtu magotini, za kijani, zinapepea. Katikati yake palikuwa na mwinuko mdogo ambao ungeweza kuupita maisha yako yote.

"Ni pale?" bibi aliuliza.

"Ni pale, mama."

Aliweka mkono kwenye bega la mkwe wake na kungoja.

Kiwiko alipiga moyo konde. Alifika ukingoni mwa changarawe, viatu vyake viwili vimepangwa sawasawa kama vya askari kwenye gwaride, akaamuru mguu wa kulia utangulie. Mguu haukwenda. Akaamuru wa kushoto. Ilikuwa kama kuliamuru jiliwa. Alijua kumesafishwa; alikuwa amewaona kwa macho yake wakicheza mpira palepale. Alijua pia kofia ilivyokuwa karibu. Jasho la mlima lilikuwa limemkauka mgongoni na sasa likaja jingine, la baridi, na vidole vyake vikajifunga vyenyewe, kana kwamba kuna kitu amepewa akishikilie.

Bibi alikuwa na mkono begani pake. Macho hayakuona sana lakini mkono ulisikia kila kitu. Aliuondoa taratibu.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Umenifikisha mbali kuliko mtu yeyote. Nitamsalimia kutoka hapahapa."

Na akavua helmeti, kama mtu anayetaka kusalimia vizuri.

Hapo ndipo nitakapomsifu mtu huyu, hata kama wapo watakaosema alichofanya ni cha kuchekesha. Kilikuwa cha kuchekesha kweli. Kiwiko aliichukua ile helmeti mikononi mwa bibi, akachuchumaa, akachota changarawe ya barabarani kwa viganja mpaka ikajaa. Akaimwaga kwenye nyasi mbele yake, ukingoni, akaisambaza ikawa ukubwa wa sahani. Akaitazama. Kisha akaikanyaga.

Mguu ulikubali. Mguu wa mjinga huyo, uliofundishwa na mama na kufundishwa tena na kaka, haukutaka kusikia habari za mashine wala vyeti wala mpira. Ulitaka changarawe tu. Basi aliupa changarawe.

"Baba Mapacha, unafanya nini?" mkewe alisema.

"Narefusha barabara."

Alijaza tena, akamwaga hatua nyingine, akaikanyaga. Akageuka kurudi kuchota, na alipogeuka alikuta mkewe amepiga magoti katikati ya njia, amevua helmeti yake, anakomba changarawe kwa mikono miwili, ile mikono ya cherehani inayoogopa hata kisu butu. Alimpa iliyojaa, akapokea tupu. Wakaendelea hivyo, huyu anachota, yule anamwaga, na njia ikaingia nyasini sahani moja baada ya nyingine. Bibi alisimama ukingoni akisikiliza ule mmwagiko.

"Mnapika nini huko?" aliuliza.

"Tulia, mama," binti alisema akitweta. "Tunakutandikia."

Jua lilipanda, ukungu ukaisha. Helmeti moja ilipasuka mkanda. Katikati ya kazi Kiwiko alijikuta analia, na hakujificha, maana mikono yote ilikuwa imejaa. Alikuwa anamlilia kaka yake, ambaye hakuwa amemlilia ipasavyo tangu siku ile, na kila alipomwaga changarawe alisema kimoyomoyo, kama angekuwa nayo siku ile, kama mtu angekuwa nayo. Mkewe aliona machozi, akajaza helmeti iliyofuata mpaka juu.

Sahani ya mwisho ilimwagwa ikagusa jiwe. Kiwiko alizing'oa nyasi kandokando, majani na mizizi, mpaka rundo likatokea lote, jeusi, limezama kidogo, na kichwani lile jiwe pana likiwa mahali pake. Alirudi mpaka barabarani akikanyaga hatua zake mwenyewe, akageuka kumpa bibi mgongo, akasema, "Bega hili hapa, mama."

Walikwenda polepole, yeye mbele, bibi nyuma akipapasa kila sahani kwa ncha ya kiatu kabla ya kuiamini, Mama Mapacha wa mwisho. Hakuna mguu uliokosea. Walipofika bibi alishuka kwenye magoti yake kwa shida, akakataa kushikwa. Alipitisha viganja juu ya mawe moja baada ya jingine, akiyahesabu au akiyatambua, hadi akafika kwenye lile pana. Akainamisha uso karibu nalo kabisa, akageuza kichwa, akatafuta ile pembe, akaipata.

Kiwiko alimshika mkewe mkono ili wampishe. Walisogea pembeni, wakaketi kwenye nyasi, migongo yao imemgeukia bibi. Kisha sauti yake ikawafikia, si ile kali waliyoizoea, ni sauti ya msichana anayemwamsha mwenzake asubuhi na mapema.

"Usishtuke, mdogo wangu. Ni mimi. Nimezeeka tu."